Wimbo wa Dobi Waliouondoa

Juma lililopita nilikuwa Mansfield, nyumbani kwa mama mzee wa Kimarekani ninayemhudumia, namkatia tufaa vipande vidogo vidogo, televisheni yake ikatangaza kwamba tamthilia nyingine ya zamani ya jukwaani, zile za kuimba na kucheza, itaigizwa upya na kurushwa moja kwa moja. Niliweka kisu chini. Nikamwambia naenda kutupa taka, na taka zenyewe hazikuwepo. Nikazunguka nyumba yake mara mbili juani huku akinichungulia dirishani. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu. Kuna habari zikinifikia siwezi kukaa. Acha nikueleze chanzo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tuna miaka miwili tangu tutoke kambi ya wakimbizi tukaja Marekani. Tuliishi Grand Prairie, ghorofa ya pili, magari ya barabara kuu yakivuma usiku na mchana kama mvua isiyonyesha. Jumapili, baada ya misa, Mama alipika sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwetu, na harufu ikajaa korido nzima hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Siku za kazi Mama alikuwa bohari­ni, anafunga maboksi. Bibi, mama yake mzazi, alibaki ndani peke yake.

Na Bibi alikuwa ameanza kuchanganya mambo. Alinitia chumvi kwenye chai. Aliniita kwa jina la Mama. Siku moja alikutwa kwenye maegesho ya magari na ndoo mkononi, anatafuta bomba la maji la kambini. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, akauliza nani anakaa naye mchana. Jioni ile nilimsikia jirani yetu Mrundi akimwambia jikoni, "Dada, kuna nyumba za wazee. Wanawapikia, wanawaogesha. Usijiue." Mama akaendelea kusugua sufuria. Mimi tangu hapo sikutulia. Nilikuwa naamka kuangalia kama Bibi bado yuko kitandani.

Basi Jumamosi moja Bibi anachambua maharage, mimi natazama televisheni, likaja tangazo: tamthilia ya zamani imefanywa upya, itaonyeshwa kesho alasiri. Muziki ukapigwa kidogo tu. Bibi akainua kichwa, akaimba. Kwa Kiswahili, na maneno yakakaa sawasawa juu ya muziki ule.

"Huu mchezo tuliucheza kwa masista," alisema. "Mimi nilikuwa dobi."

Akatueleza. Shule ya misheni, karibu na ziwa. Sista mmoja aliyeugeuza mchezo wote kuwa Kiswahili. Mashuka yaliyofanywa pazia. Bibi, msichana wa miaka kumi na mitano, alivikwa kitambaa cha kichwa cha kizee, akaimba wimbo wa mama dobi anayekamua nguo siku mwanawe anapoondoka. Alisema hata padri alilia.

Mama alimsikiliza, kisha akasema polepole, kama mtu anayesema na mtoto mchanga, "Mama, hii ni mambo ya televisheni ya Wazungu. Wewe ungeicheza wapi?"

Ule upole ulimchoma Bibi kuliko matusi. "Mungojee," alisema. "Dobi akiimba mutaona."

Jumapili alasiri tukakaa wote, na jirani yule Mrundi naye akaja. Mimi sikukaa. Nilisimama, nikaenda jikoni, nikarudi, nikahesabu matangazo ya sabuni na magari. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Dobi akatokea kweli, na beseni kiunoni! Bibi akasogea ukingoni mwa kiti, akavuta pumzi. Yule dobi akasema maneno matatu kwa mwanawe, akaondoka. Wakaingia wachezaji thelathini wakirusha miguu.

"Wameutosha," Bibi akasema. Kwetu Wakongomani kutosha ni kuondoa. "Wametosha wimbo yangu."

Mama na jirani wakatazamana. Nilielewa vizuri mno macho yale yalisema nini. Mama akazima televisheni kabla mchezo haujaisha.

"Unafikiri nimebuni?" Bibi akamwuliza.

"Hapana, Mama. Umechoka tu."

Kesho yake shuleni nilitolewa darasa la hesabu kwa kutikisa meza. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa muziki, ambaye sikuwahi kusema naye neno, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Bibi yangu, nikasema, nguo, kufua, wimbo, wameondoa. Akadhani nyumbani hatuna mashine ya kufulia, akaanza kunitafutia namba ya kanisa linalosaidia. Nikaona hatutafika, nikamwimbia. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha nyimbo za tamthilia ile kama ilivyokuwa jukwaani, akafunua kurasa mpaka akaufikia. Ulikuwepo. Beti sita.

"Kwenye televisheni huuondoa," alisema. "Ni mrefu, na hauchezeki."

Akanitolea nakala, akanifafanulia kwa ishara maneno nisiyoyajua. Kwenye basi la shule nilisimama njia nzima, dereva ananifokea.

Mama aliporudi, hata viatu vya kazi hakuvua, nikamwekea karatasi mezani, nikamwomba Bibi aimbe.

Bibi akanitazama. "Na wewe unanipima?"

"Sikupimi, Bibi. Nataka Mama asikie."

Akasimama. Akachukua kitambaa cha vyombo, akakikamua, akaimba. Mimi nikafuata kwa kidole kwenye karatasi, namnong'oneza Mama maana ya kila mstari: maji ya mto ni ya baridi, kola ya shati imekwisha, nani atakufulia huko uendako. Mstari kwa mstari, wimbo wa Bibi na karatasi vilikutana. Kufika ubeti wa tatu Mama alikuwa amekaa sakafuni, na Bibi akaendelea mpaka wa sita.

"Unisamehe, Mama."

"Inuka," Bibi akasema. "Sakafu iko baridi."

Nyumba ya wazee haikutajwa tena. Mama aliomba zamu ya jioni, jirani akashika saa zilizobaki. Lakini nisikudanganye: ugonjwa ulikuwa wa kweli pia. Bibi aliishi nasi miaka mingine minne, na kila mwaka ulimchukua kidogo. Sasa Bibi hayupo, jirani amehamia DeSoto, na sombe yangu mimi hainuki hadi kwa mtu wa chini.

Karatasi za mwalimu ninazo. Maneno ya yule sista hayakuandikwa popote. Yalikuwa kinywani mwa Bibi tu. Bibi angali hai nilinunua daftari, nikaandika beti tatu. Halafu zikaja mbio za shule, ikaja leseni ya gari, ikawa kesho Bibi, kesho. Siku nilipokaa na kalamu, muziki aliujua wote na maneno yalikuwa yamemtoka.

Nimejaribu kuzigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili beti zilizobaki, mara nyingi, nikitembeatembea chumbani. Maana inakuja, lakini maneno hayakai juu ya muziki. Kwa hiyo ninapomwimbia binti yangu, nikifika ubeti wa nne nafumba mdomo, naendelea na sauti peke yake.