Pipi Halali za Verlene Stamper

Jumatano moja ya Oktoba mwaka 2022, Verlene Stamper aliporudisha basi la shule namba 14 kwenye uwanja wa kuegeshea baada ya safari ya asubuhi, alimkuta mkuu wa usafiri amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Kompyuta ilikuwa imechagua kwa bahati nasibu majina ya madereva wa kupimwa mkojo kuona kama wanatumia dawa za kulevya, na jina lake lilikuwamo. Verlene alicheka.

"Bwana Hobert, kwa umri wangu hicho kikombe chenu nitakijaza kabla hujafunga mlango."

"Nenda zako huko, Dada Verlene. Siku nikiwa na wasiwasi na dereva hapa, hutakuwa wewe."

Verlene naye hakuwa na wasiwasi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewabeba watoto wa Bonde la Tanner, mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani. Wengine aliwabeba tangu darasa la kwanza hadi wakaoa na kumletea watoto wao kituoni. Leseni yake haikuwa na doa, na leseni hiyo ndiyo iliyompa mumewe pumzi. Delmas alikuwa amefanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini, vumbi likamla mapafu. Mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kiti chake, pamoja na dawa zake zote, zilitoka katika bima ya afya ya kazi ya Verlene. Kazi ikiondoka, bima ingeondoka nayo. Wote wawili walilijua hilo na hawakulizungumza.

Bangi Verlene aliichukia tangu zamani. Mwaka 2011 alikuta mfuko mdogo wa majani ndani ya sanduku la vifaa la mwanawe wa pekee, Jarvis. Hakupaza sauti. Alimwambia aache ufunguo wa nyumba mezani, aondoke. Jarvis akahamia Ohio, na tangu hapo alipiga simu Krismasi tu, tena akiomba kuongea na baba yake.

Pipi zilimjia Verlene kwa njia ya heshima. Alipewa ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2021 na Oneda Fugate, rafiki yake tangu utotoni na dereva wa basi namba 9, katika chumba cha chini cha kanisa la Kibaptisti ambako wanawake walikutana kila Jumanne kushona mablanketi ya viraka. Nyonga ya Verlene ilikuwa imemnyima usingizi kwa wiki ya tatu.

"Meza nusu, shoga," Oneda alimwambia. "Inauzwa kituo cha mafuta, pale wanapouzia minyoo ya kuvulia samaki."

"Si bangi hiyo?"

"Bangi gani? Soma kopo. Ingekuwa bangi ningeiweka mkoba mmoja na Biblia?"

Verlene alivaa miwani akasoma. Kopo lilisema kilichomo kinaitwa delta nane, kimetokana na mmea wa jamii ya bangi ambao sheria ya nchi imeuruhusu, na kwamba delta tisa, ile inayolevya, haizidi sehemu tatu katika elfu. Majira ya joto yaliyofuata, redio nayo ikatangaza kwamba mahakama moja ya jimbo imekubali vitu hivyo viuzwe. Verlene alilelewa kuamini kilichopigwa chapa, naye akakiamini.

Alianza na nusu, Ijumaa peke yake, ili zipite siku mbili kabla ya kushika usukani. Kufikia majira ya kuchipua alikuwa akimeza nzima kila usiku. Kufikia Agosti zilikuwa mbili. Kila kopo tupu na kila risiti alivihifadhi ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, ili siku mtu akiuliza, awe na la kuonyesha. Kati ya wanawake wanane wa ushonaji, sita walikuwa wakitumia: mmoja kwa ajili ya magoti, mwingine tangu afiwe na mumewe, mwingine bila sababu aliyowahi kuitaja. Hakuna aliyejiona mtumiaji wa kitu chochote.

Siku ya sita baada ya kipimo, simu ililia.

"Mama Stamper, mimi ni daktari ninayepitia majibu ya madereva. Mkojo wako umekutwa na bangi."

Verlene alimwomba asubiri. Alishusha bati, akavaa miwani, akamsomea kopo kutoka juu hadi chini pamoja na anwani ya kiwanda. Daktari alimwacha amalize.

"Una maelezo ya daktari aliyekuandikia dawa hiyo?"

"Nina risiti. Zote ninazo."

"Mama, kopo linaandikwa lolote. Hakuna anayelikagua. Maabara imekuta delta tisa. Na kwa dereva wa abiria, sheria haiulizi ulinunua wapi."

"Kwa hiyo ni halali kuziuza, halafu mimi kuzila ni kosa?"

"Kwako wewe, ndiyo."

Mkojo ulikuwa umegawanywa katika chupa mbili, na dereva ana haki ya kuomba ya pili ipimwe maabara nyingine. Verlene aliomba siku hiyohiyo, akamwambia Delmas kuwa sasa ukweli utajulikana. Chupa ya pili ilisema yaleyale.

Hobert alipokea ufunguo wa basi akiwa anatazama viatu vyake. Jina la Verlene lilikuwa limeingizwa katika orodha ya serikali ya madereva walioshindwa kipimo. Angeweza kuhudhuria ushauri na kupimwa upya, lakini idara ya usafiri haikuwahi kumrudisha kazini dereva wa aina hiyo. Lililobaki ni bodi ya shule, ambayo ingekutana Alhamisi kuamua kama afukuzwe. Bima ingekoma mwisho wa mwezi.

Jumapili, mchungaji aliuliza ni nani wana maombi. Kanisani kwao, mwenye jambo asiloweza kulitamka huinua mkono tu, nalo huombewa bila kutajwa. Verlene aliinua mkono. Kisha Oneda akainua wake, na nyuma yao wanawake wanne wengine wa ushonaji, mmoja mmoja, bila kutazamana. Mchungaji akawaombea wote kwa pamoja.

Nje, Verlene alimkuta Oneda akiwasha gari.

"Njoo nami Alhamisi. Waambie tu kwamba watu wazima wenye heshima zao wanazila, na walidhani ni ruhusa. Sikuombi zaidi."

"Wakiniuliza nilijuaje?"

"Sema ulisikia."

"Verlene, nami nina basi." Oneda alishika usukani kwa mikono miwili. "Nimekuombea, shoga. Si umeona mkono wangu?"

Alhamisi Verlene alikwenda peke yake na bati lake. Wajumbe waliyapitisha makopo kutoka mkono hadi mkono kwa adabu, kisha wakapiga kura. Hakupata hata moja.

Jioni ile Delmas, ambaye sasa alilazimika kupumzika katikati ya kila sentensi, alimsogezea simu. "Mpigie mtoto wako. Mimi... sina siku nyingi za kusubiri Krismasi."

Jarvis alipokea mara moja. "Baba amefariki?"

"Hapana. Ni mimi. Nimefukuzwa kazi. Walinipima mkojo."

"Wamekuta nini, Mama?"

"Zilikuwa pipi, Jarvis. Halali. Kopo ninalo hapa."

"Nimekuuliza wamekuta nini."

Verlene aligeuza kopo mkononi. Neno lilimfika mdomoni, akalirudisha.

"Si kama ile yako," alisema.



"Ufunguo niliuacha mezani, Mama, kama ulivyosema," Jarvis alijibu, na simu ikakatika.

Delmas alikuwa amesikia upande mmoja, na huo ulimtosha.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa moja asubuhi, basi namba 14 lilipita mbele ya nyumba yao. Oneda ndiye aliyekuwa akiliendesha. Njia ile ilikuwa nzuri kuliko yake ya zamani, ya basi namba 9. Alikaza macho barabarani hadi alipopita kona. Watoto wawili wa nyuma walimpungia Verlene mkono dirishani kwa mazoea.

Mashine ilikuwa ikinguruma bado, kwa kuwa waliotumwa kuichukua walikuwa wamesema watafika Ijumaa. Verlene alishusha bati la biskuti, akafungua kopo ambalo halijaisha, akatafuna pipi mbili mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Hapakuwa na mtu tena wa kumpima.