Dawa ya Siku Mbaya

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya kiangazi ambayo nesi alipanda kwetu Makote kwa pikipiki, kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi, na ndani ya mkoba wake chupa ya dawa ya maji. Baba yangu alikuwa na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imeshaingia mifupani. Hospitali walikuwa wamesema wazi kwamba haiponi. Nesi naye hakuficha. "Mimi sikuja kumponya mzee," alisema. "Nimekuja ili asiumie." Kazi hiyo inaitwa tiba shufaa. Wakati ule sikuwa nimelisikia jina hilo.

Dawa ilikuwa morfini. Nesi alimwonyesha mama namna ya kupima, akamwambia ampe kila baada ya saa nne, mchana na usiku. "Hata kama saa hiyo haumwi, mama. Msisubiri alie. Na ikikaribia kuisha, nitaleta nyingine."

Mama aliitikia. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni, kijana ninayeota ndevu za kwanza, nikasikia kila neno.

Hapa lazima nikueleze habari ya kisima chetu. Huku kwetu uwandani, juu ya mlima, maji yako mbali, chini mabondeni, na bomba likitoa leo, kesho halitoi. Mwenye nyumba ya bati huchimba kisima, hukisakafia kwa saruji, huvuna mvua, kisha hunywa mvua hiyo mpaka ije nyingine. Chetu kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama. Alitupimia maji kwa kikombe. Majirani walipokuwa wakipandisha ndoo kutoka bondeni, sisi bado tulikuwa na maji, na sifa hiyo mama aliipenda kuliko kanga mpya. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kimeisha kijijini kwetu kikaletwa kingine kwa sababu tu mtu ameahidi.

Kipimo cha usiku wa kwanza kilimlaza baba mpaka asubuhi. Aliamka akaomba uji, akamtania mama kwamba umewekewa sukari ya mgeni. Mama alifurahi mno. Lakini alipoona nguvu ya dawa ile, akaifungia sandukuni na kuanza kuibania.

"Mama Edmundi," baba aliita siku iliyofuata, "ile dawa."

"Si jana umekunywa?"

"Jana nimekunywa. Mifupa ya leo ni ileile."

"Hujafika pabaya. Naiweka kwa siku mbaya."

"Na hiyo siku mbaya ikija itapiga hodi?" Baba alijaribu kucheka. "Au unaniwekea nikainywe kaburini?"

"Acha maneno hayo mbele ya mtoto."

Mtoto ndiye mimi, Edmundi. Nilimfuata mama jikoni nikamkumbusha maagizo ya nesi. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta unga. "Nesi amekwenda na pikipiki yake," alisema. "Hii ikikauka, utamchotea wapi baba yako?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Ikiisha hii, na yeye ameisha."

Ndipo nilipoelewa. Kila alipofungua sanduku akaikuta chupa imejaa, aliona kwamba siku yenyewe bado. Kwetu kijana hamvui mama yake ufunguo.

Basi baba akawa anapata dawa pale tu alipopiga kelele, na si kila alipopiga kelele. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akawa mtu wa kuuma shuka. Alasiri moja mawingu yalipokuwa yakijikusanya, aliniita nikae karibu. Alitaka kunieleza habari za mdogo wake aliyevuka Ruvuma kwenda Msumbiji na hakurudi. "Edmundi, baba yako mdogo hakuondoka kwa hiari yake," alisema. "Mimi ndiye..." Maumivu yakamkata hapo. Nilingoja. Jasho lilimtoka, macho yakawa ya mtu asiyenijua. Mpaka leo sijui alichotaka kusema, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Siku mbaya ilikuja na mvua za kwanza. Mama alikimbilia sanduku, akapima dawa bila kubania, akamtia mdomoni. Baba hakuweza tena kumeza. Dawa ilimtoka pembeni mwa mdomo, ikashuka shavuni, na mama akawa anaikinga kwa kiganja, akimwambia, "Kunywa, mume wangu. Kunywa yote." Nje maji yalishuka batini yakajaza kisima mpaka yakafurika uani.

Barabara ilipopitika, nesi alifika, akatukuta tumekaa matangani. Alitoa pole, kisha akaomba chupa, kwa kuwa dawa ile hairuhusiwi kubaki nyumbani. Mama aliileta. Nesi aliitazama ilivyojaa, akaketi mkekani.

"Ningempa yote ulivyoniagiza, angepona?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Angekaa zaidi?"

"Sidhani."

"Sasa tofauti ingekuwa nini?"

Nesi aliitia chupa mkobani. "Angelala, mama. Angekula uji. Mngeongea."

Mama hakulia. Alivua ufunguo shingoni, akaenda akafungua kisima, na kufuli lile hakulirudisha tena. Alichota aliyetaka, ndoo alizotaka. Kiangazi kilichofuata kisima chetu kilikauka mapema kuliko vyote, na mama alishuka bondeni na ndoo kichwani mpaka miguu ikamkataa. Hakuna aliyeweza kumzuia.

Mwanangu, baadaye nilisoma kila nilichopata kuhusu tiba hii, na nimeona kwamba nesi alikuwa ameyasema yote asubuhi ile ya kwanza. Ukiwa na mgonjwa asiyepona, mpe dawa ya maumivu kwa saa zake, kama ulivyoelekezwa. Haiharakishi kifo ikitolewa hivyo, wala haiwekwi akiba. Maumivu yakiizidi, usijiongezee mwenyewe, mwite nesi. Akishindwa kumeza, sema mapema, ziko njia nyingine. Na maadamu ametulia, kaa naye umsikilize, kwa sababu maneno yake hayatakungoja. Siwezi kukuahidi kwamba utaumia kidogo. Wewe utaumia. Anayeweza kupunguziwa ni yeye.

Mungu akupe mkono usiobania mbele ya mgonjwa wako. Na ikifika zamu yako, na yangu, tuondoke tukiwa tumelala, tumemaliza kusema.