Kitundu cha Bi Mwanaidi

Nnaandika haya na uso bado umenishuka. Mimi ni daktari, nnajifunza upasuaji wa macho, na papara zangu zinajulikana wodi nzima.

Juzi aliletwa Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani wa Makunduchi, kaangukiwa na kuti la mnazi usoni. Kwenye picha ya kichwa chake nikaona kitundu katika mfupa wa kishimo cha jicho. Basi! Nikatoka mbio kuwaambia wanawe: "Mfupa umetoboka. Labda asafirishwe Dar."

Wakaangua kilio.

"Mwanangu, mbona jicho haliniumi?" akauliza mwenyewe.

"Ni ganzi tu ya mshtuko, Bi," nikamjibu, kama ninayejua.

Dokta Salma, bingwa wetu, akaniita mbele ya wanafunzi na Bi Mwanaidi. Akatundika picha mbili, majina kayaziba kwa karatasi. "Yupi kaumia zaidi?"

"Huyu wa kulia! Ana vitundu pande zote mbili. Sijui hata anatembeaje."

"Vitundu hivi wengine huzaliwa navyo," akasema taratibu. "Humo hupita mshipa wa damu. Mpasuaji asiyevijua ataukata bure. Lakini si kuvunjika. Bi Mwanaidi kavimba tu, arudi kwake."

Kisha akabandua karatasi ya picha ya kulia. Lilikuwa jina langu. Mwaka jana nilianguka na vespa, nikapigwa picha hapa hapa hospitalini.

Bi Mwanaidi akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Dar unakwenda lini?"