Yatima Kwenye Trei ya Shangazi

Gerejini kila mtu alimwita Shangazi, hata bosi, ambaye alimzidi umri kwa miaka minne. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa mpwa wake. Jina lilimganda siku alipomchapa fundi mmoja mgongoni kwa kitambaa cha kufutia oili, kwa kosa la kukaza plagi kwa hasira. "Injini imekutukana?" alimuuliza. "Mbona unaikaba koo?"

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mifupi na sauti iliyozidi mwili. Alifika pale miaka ishirini na tatu nyuma, ameleta pikipiki ya kaka yake itengenezwe. Walimkalisha kwenye tairi kutoka asubuhi hadi alasiri. Alipochoka kukalia tairi, akaokota bisibisi akaitengeneza mwenyewe, tena mbele ya fundi aliyekuwa anakunywa chai. Kesho yake akarudi bila pikipiki. Hakuna aliyemwajiri, ila hakuna pia aliyepata ujasiri wa kumfukuza, na mwisho wa mwezi wakaona haya wakamlipa.

Sasa shida ilikuwa macho. Mwaka mzima herufi za kwenye maboksi ya spea zilikuwa zimegeuka sisimizi, na sisimizi wenyewe hawakutulia. Shangazi hakumwambia mtu. Akipewa boksi, alinyanyua mikono juu na kusema, "Nisomee, nina mafuta mikononi." Alikuwa na mafuta mikononi saa zote, hata akiwa ametoka kunawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi na mafundi wawili wenye midomo kama wale wa gerejini kwake.

Hao wawili ni Mkurugenzi na Pacha. Mkurugenzi aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi amekaa. Pacha alikuwa pacha kweli, ila mwenzake aliishi mbali, na kila Pacha alipokosea alisema aliyekosea ni yule mwingine.

Ndani ya miezi mitatu injini mbili za Shangazi zilikuwa zimerudi, moja inavuja, nyingine inagonga. Bosi akamwita pembeni. Bosi huyu kisogoni walimwita Kamati, maana hakuweza kununua hata ufagio bila kikao, lakini siku hiyo aliamua peke yake.

"Shangazi, injini moja nyingine ikirudi, benchi la injini nampa Pacha. Wewe utakaa kaunta, uuze oili na plagi. Kuna feni."

Usiku ule Shangazi alimwambia mumewe, "Ananiahidi feni, kama mgonjwa!" Mumewe akasema feni si kitu kibaya. Walilala wamepeana migongo.

Gari lenyewe lilikuja Jumatatu, likivutwa kwa kamba. Juu ya paa lilibeba kibao chekundu, na mwenye nalo alikuwa mwalimu wa udereva, mwanaume mwembamba aliyefunga tai katika joto lile.

"Limezima tu," alisema. "Ghafla. Tuko barabarani na mwanafunzi."

"Na kabla ya ghafla?" Shangazi akauliza.

"Kabla ya ghafla lilikuwa zima."

"Asubuhi ukiliwasha, halikucharaza kama mtu anayetikisa kopo la misumari?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. "Kidogo. Kama miezi miwili hivi. Nikawa naongeza sauti ya redio."

"Dawa nzuri. Oili ulipima lini?"

"Oili ipo."

"Nimeuliza lini, baba. Sijauliza kama ipo."

Mwalimu akalegeza tai. Shangazi akamwambia Pacha apige starta. Injini ikazunguka upesi, nyepesi mno, bila kukohoa wala kukaza, kama cherehani inayokimbia bila kitambaa. Shangazi akafungua kifuniko cha kutilia oili. Wengine hapo humulika tochi. Yeye alitumbukiza kidole mpaka kikagusa ile shafti ya juu inayofungua valvu. "Piga tena, kidogo tu." Starta ikalia. Shafti haikutikisika.

"Cheni ya taimingi imekatika," alisema, akifuta kidole. "Chini wanacheza, juu hawasikii ngoma. Pistoni imepanda na valvu bado ziko wazi. Wamegongana. Kazi ipo."

Kazi ilikuwepo. Walipofungua, cheni ilidondoka kama mkufu wa bandia. Valvu tatu zilikuwa zimepinda, na vipande vya plastiki vya kuongozea cheni vilikuwa vimezama kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, pamoja na oili nyeusi kama lami. Siku tatu Shangazi aliinama kwenye injini ile. Alibadilisha valvu, akaosha sampo mpaka ikang'aa, akaweka cheni mpya na kikazio chake kipya, kile kidude kinachoisukuma cheni isilegee. Alama za gia alizilinganisha kwa ukucha, si kwa jicho: alipapasa kila kishimo mpaka ukucha ukaingia. Kisha akaizungusha injini kwa mkono mara mbili nzima, polepole, akisikiliza. Hakuna kilichogusana. Akafunga kifuniko cha mbele. Alhamisi saa nane mchana alishusha pumzi, akageukia trei yake ya bolti.

Ndani yake ilibaki bolti moja.

Hapa lazima ijulikane desturi ya gereji ile. Fundi akimaliza kufunga injini, wenzake humvizia na kumtupia bolti moja kwenye trei yake. Bolti hiyo huitwa yatima. Kisha hukaa pembeni wakimtazama anavyotoka jasho, anavyoihesabu injini kwa vidole, na wengine huifungua tena yote ndipo wacheke. Bingwa wa mchezo huo alikuwa nani? Shangazi mwenyewe. Aliwahi kumtupia Mkurugenzi mayatima watatu kwa mpigo, Mkurugenzi akalazwa na presha. Alisema ni presha.

"Haya," Shangazi akasema kwa sauti, "mwenye mtoto wake aje amchukue."

Mkurugenzi akatazama kutoka kwenye kiti. "Si wangu."

"Wala mimi," Pacha akasema. "Naapa. Wala pacha wangu."

"Nyie mkiapa ndipo mnapodanganya."

"Shangazi, kweli tena. Ulitukataza tusisogelee benchi. Tumekuogopa."

Waliapa na nyuso zimenyooka, na nyuso zilizonyooka pale gerejini hazikuwa ushahidi. Shangazi akaiokota bolti. Mayatima wote hutoka kwenye debe la chuma chakavu: wana kutu, wananuka vumbi. Huyu alikuwa laini. Akamnusa. Petroli. Nani pale alikuwa na tabia ya kuosha kila bolti kwa petroli kabla ya kuirudisha, mpaka akachekwa kwamba anaogesha vichanga? Akaipima kwa kidole cha shahada. Ikafika pingili ya pili. Urefu ule ulikuwa wa bolti za kikazio cha cheni. Kikazio hufungwa kwa bolti mbili, na yeye alikuwa amefunga moja, akapapasa tundu la pili, akaenda kujibu simu ya mumewe.

Kikazio kingekaa hivyo wiki mbili, pengine tatu. Kisha kingelala upande, cheni ingelegea, na mwalimu wa udereva angerudi kwa kamba.

Kufungua kifuniko mbele ya macho ya wote ni kukiri. Kutofungua ni kaunta. Na kule ofisini, bosi alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake.

Shangazi akapiga makofi mawili. "Mkurugenzi, inuka! Pacha, njoo! Leo nafundisha cheni."

"Si umeshafunga?"

"Nimefunga ili nifungue. Mnadhani shule ni nini? Kuna kosa nimeliacha humo kwa makusudi. Atakayeliona, kesho chai juu yangu."

Bosi, kusikia neno kufundisha, akatoka mbio na chai ikimwagika. Alipenda sana mambo ya mafunzo. Kifuniko kikafunguliwa. Pacha akainama, akachungulia. Kisha akamsogelea Shangazi sikioni. "Shangazi. Kikazio kina bolti moja. Ulisahau?"

"Sema kwa sauti, mwanafunzi."

"Kikazio kina bolti moja!"

"Hongera! Mnaona? Mwenye macho ameona!" Akairudisha bolti mahali pake, akaikaza, akaipapasa mara nne.

Ila uongo ukinoga sana huwa hauishii pale ulipouweka. Bosi alikuwa ameguswa hasa.

"Shangazi," akasema, "miaka yote hii nilikuwa na hazina nisijue. Nimeamua. Kuanzia Jumatatu wewe ni mwalimu. Hushiki spana tena. Unasimama, unaelekeza. Benchi achukue Pacha. Tutakuwekea feni."

Feni ile ile! Shangazi akahisi amechimba shimo kwa jembe lake, akaingia, akavuta na udongo. Akawatazama wawili wale, akatazama injini.

"Bosi, sikufundisha kitu," akasema. "Nilisahau. Bolti ilikuwa yangu."

Bosi akamsogelea.

"Ulisahauje?"

"Sioni vizuri karibu. Mwaka sasa."

Bosi akaweka kikombe chini. Akachukua boksi la gasketi juu ya benchi, akalitazama kwa uzito wa mwenyekiti, akampa. "Soma hapo."

"Nina mafuta mikon..."

"Soma."

Shangazi akalishika mbali, akalileta karibu, akakunja uso. "Imetengenezwa... kwa... uangalifu mkubwa."

Bosi akalichukua, akalitazama tena, akatikisa kichwa polepole. "Umesoma sawasawa. Sasa huoni nini?"

Mkurugenzi akakohoa. "Bosi, samahani. Umeshika boksi kichwa chini. Na hapo pameandikwa namba tu."

Bosi akageuka rangi. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta akidi. Kisha akaingiza mkono ndani ya soksi yake ya kulia na kutoa miwani iliyokunjwa, kioo kimoja kikiwa na alama ya kidole.

"Nyie wawili," akawaambia Pacha na Mkurugenzi, "mkitoa neno hili nje ya geti, mtauza oili nyote."

"Kumbe!" Shangazi akasema. "Tangu lini?"

"Usiniulize. Vaa."

Akaivaa. Kikazio kikamjia usoni na bolti zake zote mbili, na alama za gia, na kila jino la cheni. Akageuka kumtazama Mkurugenzi. "Masikini, kumbe una mvi namna hiyo! Kwa kazi gani?"

"Funga injini ya watu," bosi akasema, "kabla sijaitisha kikao. Na Jumamosi uende kwa mpima macho ununue yako. Soksi yangu inapanuka."

"Na benchi?"

"Nani kataja benchi?"

Akafunga, akahesabu mara mbili kwa macho na mara moja kwa vidole, maana macho ya kuazima si ya kuamini siku ya kwanza. Gari likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma kwa adabu. Mwalimu wa udereva akaja na tai yake, akalisikiliza na redio imezimwa, akaridhika, akaondoka nalo kuelekea getini.

Getini likaruka mara mbili kama mbuzi aliyeguswa, likazima.

Vichwa vyote vitatu vikamgeukia Shangazi. Bosi akanyoosha mkono kudai miwani yake. Shangazi hakuitoa. Alisimama akisikiliza, na kabla mtu hajafungua mdomo, gari likawaka tena, tulivu, likapita geti na kukunja kona.

"Ameachia klachi vibaya," Shangazi akasema. "Na huyo ndiye anayefundisha wenzake."