Bodi Niliyolivisha Gari la Mjomba

Ukiniuliza kama mimi ni fundi mzuri, nitakujibu ndiyo, tena bila kupepesa macho. Mikono yangu haijawahi kunitia aibu. Aibu yangu imetokana na kitu kingine, na kila nikikikumbuka najikuta nimekunja uso, hata nikiwa peke yangu chooni.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa kabichi na karoti huko milimani, juu ya Mlali. Alikuwa na Landrova kuukuu alilolinunua mnadani, nyuma wazi, na turubai la kufunika mvua ikija. Kwa kijiji kizima lile ndilo lililokuwa lori na ndilo lililokuwa gari la wagonjwa. Matenga yalishuka nalo alfajiri. Mgonjwa alilazwa sakafuni juu ya majani makavu ya mgomba. Kwenye kona mbaya watu waliruka chini, wakasukuma, wakapanda tena wakicheka.

Sasa, kwetu Waluguru mali ya mjomba haiendi kwa wanawe. Inakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada, na mpwa mwenyewe ni mimi. Nililijua hilo tangu utotoni, na ndilo lililoniharibu.

Ilikuwa ile miaka kila kitu kilipokuwa ruksa. Mitumba imejaa sokoni, magari ya Kijapani yanaingia kila siku, na mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu jana, leo anakupigia honi. Mimi nilikuwa nachomelea vyuma Morogoro mjini. Mjomba akashusha gari lake kwangu kwa sababu bodi ilikuwa imeoza kwenye maungio. Tulikaa barazani kwangu, yeye na mkewe, tukinywa chai.

"Mjomba," akaniambia, maana naye aliniita hivyohivyo, "lipige viraka tu. Liwe kama lilivyo, nyuma wazi. Usilifanyie mapambo."

"Nimekuelewa, mjomba."

Jumapili nikalichukua kwenda Kilakala kumsalimia mchumba wangu. Akatoka mlangoni, akalizunguka, akashika kiuno. "Hili ni gari au banda la kuku?" Majirani wakaangua kicheko. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke! Na mimi, badala ya kumcheka yule msichana na maringo yake ya mjini, nikalichukia gari la mjomba.

Wiki hiyohiyo nikapata bodi ya kipanya, yale mabasi madogo, injini yake ilikuwa imekufa. Nikaing'oa bodi ya zamani nikawauzia wanaoyeyusha alumini kusubu masufuria. Nikakata sakafu ya kipanya, nikatengeneza mabano mapya, nikaikalisha juu ya chasisi ya Landrova. Injini ikaja kukaa katikati ya dereva na abiria, nikaijengea sanduku la bati. Nikapaka rangi ya maziwa na mstari mwekundu. Viti, kwa kuwa vibaka walikuwa wananyofoa kila kilichofungwa kwa boliti, nikavichomelea moja kwa moja sakafuni. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia gari ni langu tu, leo au kesho. Kwa kifupi, nilimrithi mjomba akiwa hai.

Alipoliona alipitisha kidole kwenye ule mstari mwekundu. "Linang'aa," akasema. Basi.

Halikufika nyumbani kwake hata siku moja. Nyuma palikuwa parefu mno, kwenye ile kona mbaya mkia ukagonga ukingo na tumbo likakwama kwenye mawe. Kuanzia hapo dereva nikawa mimi, na wanawake walibeba matenga kichwani hadi chini ya kona, mwendo wa saa nzima, ndipo wanikute nimeegesha, nimevaa miwani ya jua. Wengine walinipita bila salamu.

Masika mjomba akateleza shambani akavunjika paja. Wanawe, wale wasiorithi kitu, walimshusha kwa machela kwenye utelezi ule hadi nilipo. Nikafungua mlango kwa haraka. Machela haikuingia. Viti vilikuwa vimejaa sakafu yote, na mimi ndiye niliyevichomelea, na sikuwa na msumeno wala tindo. Nilivipiga mateke. Nilivivuta hadi viganja vikatoka damu. Mkubwa wao akanitazama, akasema, "Fundi." Neno hilo tu.

Tulimwingiza ameketi, mguu umelala mapajani mwa wanawe, mkewe amemshika kifua. Kila shimo alipiga kelele. Hospitali wakasema mfupa ulisogea sana njiani. Ukaunga vibaya, mguu ukabaki mfupi, na mjomba akawa mtu wa kuchechemea.

Ukoo ukaitisha kikao. Wazee walitaka kujua nani kaliharibu gari la watu, na kama ni mimi, basi kuna wapwa wengine. Mjomba akainuka kwa fimbo yake.

"Mwacheni kijana. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilitaka na mimi nikalie kiti laini kabla sijafa."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema hajawahi kuona mtu mzima mwenye tamaa namna hiyo. Mkewe aligeuka kunitazama, akingoja. Nilihitaji kufungua mdomo tu. Nikatazama vidole vya miguu yangu mpaka kikao kikavunjika, na urithi ukabaki kwangu.

Niliwahi kumwomba radhi? Hapana. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea blanketi, shikamoo nilimpigia kwa adabu zote. Lile lenyewe sikulitamka, naye hakuniuliza.

Alipofariki, mimi ndiye niliyeketishwa mahali pake. Siku ya tatu watani wa ukoo wakaja kumwigiza marehemu, kama ilivyo ada msibani. Mmoja alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akachechemea katikati ya waombolezaji. "Nyuma wazi sitaki!" akapayuka. "Nyinyi bebeni matenga kichwani, mimi nataka kiti laini!" Kisha akajifanya anapanda gari, akakwama mlangoni. Msiba mzima ukavunjika mbavu.

Mtani akaja hadi mbele yangu, akakinga mkono. Desturi ni kwamba mrithi humtunza. Nikacheka kama wengine, nikampa noti.

Kwenye mkeka wa pili, mke wa mjomba alikuwa ananitazama.