Nilidhani Usichana Umenirudia

Nichekeni kwanza, halafu mnisikilize. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilijivunia ugonjwa nikidhani ni ujana, na kwa kuogopa kuchekwa nikamwacha mwenzangu aumie. Jina silitaji, ila watu wa mtaa wangu wa Mtanda watanijua kwa maneno yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu na kila kona ya mji wa Lindi imeota duka la dawa. Mimi nilikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, nauza mitumba. Hedhi ilikuwa imenikoma zamani. Akatokea mzee mmoja, naye amefiwa na mke, mkulima wa korosho kutoka Rondo. Akanioa. Shamba lake liko huko juu, kwa hiyo alikuwa akishuka kwangu kwa siku chache, kisha anapanda tena.

Basi jamani, yule mzee alikuwa bado yumo. Nisiseme zaidi, wajukuu wanasoma gazeti.

Asubuhi moja, baada ya yeye kuja, nikaona damu kwenye kanga. Kidogo tu, nyekundu. Mwanamke mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikajiambia siku zangu zimerudi, ndoa imeniamsha.

Na mimi si mtu wa kukaa na habari. Mimi ni kungwi, nawafunda wali mambo ya mwili na ya ndoa, na mdomo wangu unajulikana. Nikawatangazia wanawake wenzangu sokoni. Wengine walinionea wivu, nisiwafiche.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, mzee akashuka, na damu ikaja tena. Mwanamke aliye kwenye hedhi hafungi, mnajua, lakini akila hujisitiri. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na muhogo wangu wa kuchemsha na chai ya rangi, mlango wa ua nimeuacha wazi makusudi ili apitaye aone. Bibi mzima, sina haya!

Aliyepita akaingia alikuwa wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Nitamwita Fatu. Aliolewa Kiswere, ana mtoto mmoja wa kike, na wa pili alikuwa akimtafuta kwa hamu kubwa. Kila akija mjini alikuwa akichagua kinguo cha kichanga kwenye mitumba yangu, anakwenda kukiweka.

"Wifi, saumu imekushinda?" akaniuliza.

"Niko kwenye siku zangu."

"Siku zako, au za mjukuu wako?"

Tukacheka. Mawifi ndivyo tulivyo, hatufichani. Lakini Fatu aliacha kucheka kabla yangu. Akavuta kigoda, akasema kwa sauti ya chini kwamba naye huona damu kila baada ya kulala na mumewe, na wala si tarehe zake. Alikuwa akiogopa. Alifikiria kwenda hospitali, ila anaona haya kumweleza mtu.

Hapo ndipo nilipomponza. Nilimpiga begani nikamwambia, "Hospitali ya nini wewe? Damu ni uhai. Mume anakuchemsha, shukuru." Akanitazama, akaamini. Nani asiyemwamini kungwi? Akapita duka la dawa akanunua vidonge vya rangi mbili, ili roho itulie, akarudi Kiswere.

Wa kunizindua alikuwa mume wangu, mtu asiye na maneno mengi. Alishuka kutoka Rondo baada ya Idi, na nikamwona anatandika mkeka wake sebuleni. Nikanuna. Asubuhi tunakunywa uji, akauliza huku anatazama bakuli.

"Mama, mimi nikiwa shambani, hizo siku zako unaziona?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena.

"Hapana."

"Basi hizo si siku. Hizo ni mimi. Nakuumiza, nawe unachekelea."

Lo, hedhi gani hiyo inayosubiri gari la Rondo? Nimefunda wali miaka yote hiyo, na jambo dogo kama hilo likanipita. Tukaenda hospitali.

Nesi akaniamkia vizuri, akaniuliza umri. Nikasema arobaini na mbili. Mume wangu akashikwa na kikohozi mpaka akatoka nje.

Daktari alikuwa mwanamke, bahati yangu. Akanilaza, akatazama mlango wa kizazi kwa chombo chake, akakuta kinyama kimeota. Akakitoa, wala hakikuniuma sana, akakipeleka Dar es Salaam kikapimwe. Majibu yalirudi salama. Akaniambia pia kwamba mwanamke akishakoma hedhi, huko ndani hukauka na kuchubuka upesi, akanipa dawa ya kulainisha.

"Damu ya baada ya tendo ina sababu nyingi, mama," akanieleza. "Inaweza kuwa ukavu, kinyama kama hiki, maambukizi, au saratani ya shingo ya kizazi. Ukiitazama kwenye kanga huwezi kujua ni ipi. Ndiyo maana tunapima. Na mwanamke aliyekwishakoma hedhi, akiona damu yoyote ile, asingoje."

Sasa sikilizeni aibu yangu yenyewe. Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Lakini nilitoka pale najua kabisa kwamba Fatu anatakiwa aje. Nikanyamaza. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba ule usichana wangu wote ulikuwa kinyama. Nilishamwona akilini anavyonicheka, anavyokwenda kuwasimulia Kiswere nzima, na sokoni wananipigia vigelegele vya kejeli.

Alipokuja mjini akaniuliza, "Nasikia kaka alikupeleka hospitali, una nini?"

"Presha tu, wifi."

Akanipa pole. Nikamuuliza na yeye vipi, akasema ile damu bado inamjia. Nikamwambia itakoma yenyewe. Nilisema hivyo namtazama machoni, Mungu anisamehe.

Masika ya mwaka uliofuata yalipokwisha, Fatu aliletwa kwangu amekonda. Damu ilikuwa ikitoka hata bila mume, na harufu juu yake. Mumewe alishaanza kumshuku kwamba ana mambo nje, na ndoa ilikuwa imeshalegea. Nikampeleka kwa daktari yule yule. Ilikuwa saratani. Akapelekwa Dar es Salaam, wakamtoa kizazi, wakamchoma mionzi.

Alipona, alhamdulilahi. Lakini yule mtoto wa pili hayupo na hatakuwepo. Daktari aliniambia pembeni kwamba angekuja wakati ule nilipokuja mimi, huenda wangekata sehemu ndogo tu na kizazi kikabaki. Hakujua anamwambia nani.

Fatu aliporudi kwake, nikamfuata Kiswere. Nilimkuta anapepeta mchele uani. Nikamweleza yote, kinyama changu, maneno ya daktari, ile presha ya uongo. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata usingizi.

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Wifi," akasema, "ningekucheka wiki moja. Ningezidisha sana, wiki mbili. Halafu ningekwenda hospitali."

Akachukua ungo wake akaendelea. Mimi nililia pale pale uani, na yeye ndiye aliyeniletea maji.

Dada zangu, damu ya baada ya mume si ujana, si raha, wala si uhai. Inaweza ikawa jambo dogo la kutibika mara moja, kama langu, lakini mwache daktari ndiye aseme kwamba ni dogo. Usiniulize mimi, usimuulize kungwi wako, na vidonge vya rangi mbili viache huko huko dukani. Na nyie wanaume, msikae kimya. Ulizeni, kama alivyouliza mzee wangu kwenye bakuli la uji.

Na wewe uliyekwishapimwa ukapona, mwambie mwenzio, hata kama ulishajigamba mji mzima. Watakucheka. Waache wakucheke.