Puli Yenye Matundu

Kisu cha mashine ya kukereza kilipokula ganda la kwanza la puli yetu, matundu yakafunguka. Yalikuwa madogo na mengi, kama ya mkate ulioumuka kupita kiasi. Nje puli ilipendeza, ungeweza kuipiga picha ukamtumia shangazi. Ndani ilikuwa imeoza. Wenzangu watatu wa kikundi hawakuitazama puli. Walinitazama mimi.

Nilikuwa msichana peke yangu katika kikundi, na karibu peke yangu katika darasa zima. Chuo chetu cha ufundi kiko kwenye mteremko, hapa Bukavu, na mvua ikinyesha matope mekundu yanaingia nasi mpaka kwenye madawati. Mwaka ule ndio tulioanza mazoezi ya atelie, yaani karakana: kupiga tupa, kuchomelea, kukereza, na lile nililolingojea kwa hamu, kuyeyusha alumini na kuimimina. Mama yangu ana mashine ya kusaga mihogo huko Bunyakiri. Puli yake, lile gurudumu la kupitishia mkanda, ilipasuka zamani ikafungwa waya, na kila siku ya soko mashine hutetemeka kana kwamba inataka kutoka mlangoni. Nilimwahidi nyingine, ya mikono yangu mwenyewe. Asistanti aliyetufundisha akatupa zoezi hilohilo: kila kikundi kitoe puli moja nzima, kisichoweza kitarudia mwaka.

Kazi yenyewe haina siri. Unachukua puli ya mbao, unaizika katika visanduku viwili vya mchanga, unashindilia, unaitoa mbao, na pengo lake linabaki; hiyo ndiyo kalibu. Masufuria mabovu na pistoni za pikipiki tulizonunua sokoni Kadutu zinayeyuka juu ya makaa, au makala kama tunavyoyaita, unamimina kwa tundu la juu, unangoja ipoe. Ila mchanga uwe na unyevu kidogo sana. Ukiufinya ushikane, na kiganja kibaki kikavu. Maji yakizidi yanageuka mvuke humo ndani, na mvuke hutoboa. Hayo asistanti alitusomea siku ya kwanza, na sote tuliyaandika.

Lakini siku ya matundu hakuna aliyetaja maji.

"Mi nilisemaka," akasema kiongozi wa kikundi, mtu wa Kadutu mwenye sauti ya kuuzia nguo sokoni. "Bazee ya zamani, kama banatengeneza jembe, mwanamuke hakaribiake moto. Juu ya nini? Balikuwa bajinga?" Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Dada, na leo uko mu siku zako?"

Uso wangu uliwaka kwa aibu, halafu kwa hasira.

"Uliza sufuria," nikamjibu. "Balipikia mu ile sufuria miaka yote, na ni banamuke tu balikuwa banaigusa."

Asistanti alicheka. Hakusema kwamba ni upuuzi. Alisema tu, "Bazee habakuwa bajinga," akaenda kuangalia kikundi kingine. Nilimkasirikia yeye kuliko kiongozi, kwa sababu kiongozi angalau alikuwa hajamaliza shule.

Mmoja tu alinitetea. Alikuwa kijana aliyetoka mji wa Sange, mwimbaji wa kwaya, mpole kiasi kwamba hata nyundo aliiweka chini kwa adabu. Kila saa sita mchana alikuwa akinigawia ndizi yake bila kuombwa. "Mumuache dada," akasema. "Si yeye." Wa nne wetu alikuwa mtu wa kukubali kila neno, basi akakubali na hilo.

Mimi nilijua jambo moja: mchanga ule niliuchanganya mwenyewe na kuufinya mwenyewe, na kiganja changu kilibaki kikavu. Kwa hiyo kuna mtu alitia maji nyuma yangu. Kushuku hakukunipa taabu. Miaka hii Bukavu watu hupunguza sauti hata wanapozungumzia bei ya maharage, mradi amepita mtu wasiyemjua. Mji mzima ulikuwa katika mazoezi hayo, nami nilikuwa mwanafunzi hodari. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikaanza kuwapekua wenzangu kwa macho.

Sikuhitaji kupekua sana. Kiongozi alikuwa haachi chupa yake ya maji. Alikunywa akiwa tanurini, akajimwagia kichwani, akaisahau juu ya meza ya mchanga. Nikaona mambo yote: anataka nitoke, anaharibu puli, mzigo ananitwika mimi. Nilimchukia kwa raha kabisa, kama mtu aliyepata mwizi wake.

Wakati wa kumimina mara ya pili wakadai nisimame nje. Nilikubali kwa sharti moja, na nilimnong'oneza kijana wa Sange peke yake.

"Unichungie kalibu. Mutu asikaribie, zaidi ule na chupa yake."

"Niko pale, dada. Usiogope."

Nikasimama mlangoni katika manyunyu, na nasema wazi, niliomba puli iharibike. Iliharibika. Alumini ilipoingia tunduni iliguruma, ikatema, na kiongozi akaruka nyuma akipangusa kiatu. Kwenye mashine ya kukereza matundu yakawa makubwa kuliko ya kwanza, mengine kidole kingeingia. Moyo wangu ukafurahi: basi si mimi, sikuwepo!

"Alichungulia ku dirisha," akasema kiongozi. "Macho nayo inaingiaka."

Wa nne akakubali.

Asistanti akakata shauri. Tutamimina mara moja tena. Ikishindikana, mimi nitahamia chumba cha kuchora ramani mpaka mwisho wa mwaka, na wenzangu watapewa nafasi nyingine bila mimi. Alisema kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi. Sikulala vizuri. Niliiona ile mashine ya mama na waya wake, na mimi nimeketi na rula, nachora puli ambazo wanaume watazimimina.

Siku hiyo nilifika mapema, nikaificha chupa ya kiongozi nyuma ya magunia ya makala. Alizunguka akiiulizia, midomo imemkauka, nami nikamwonea huruma ya mamba. Nilichekecha mchanga, nikafinya, nikashindilia, nikafunga visanduku. Nikamwambia kijana wa Sange asibanduke pale hata kidogo. Kisha nikaenda kuondoa uchafu uliokuwa ukielea juu ya alumini. Kiongozi na wa nne wakashika koleo, wakakinyanyua chungu chenye moto. Nikageuka kuwafungulia njia.

Mlinzi wangu alikuwa ameinama juu ya kalibu. Kutoka mfuko wa shati alitoa kichupa kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akamimina ndani ya tundu.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Musimimine!"

Wakasimama na koleo mikononi, jasho likiwadondoka. Kiongozi akasema chungu kinamchoma, niseme haraka. Nilikuwa nimemshika mwenzangu mkono, ule wenye kichupa.

"Iko nini?"

"Maji ya baraka," akasema taratibu. "Ya parokia."

"Na mara ingine?"

"Kila mara, dada. Ya pili niliongeza, juu uliniomba nichunge."

Mimi pia ni mkatoliki. Chupa kama hiyo iko kwetu, juu ya kabati. Sikuwa na ugomvi na maji yale, ugomvi wangu ulikuwa na mahali yalipomiminwa.

"Lakini ulisema si mimi!"

"Si weye," akasema, na macho yake yalikuwa safi kama ya mtoto. "Weye uko muzuri. Ni kile kinakufuata."

Iliniuma kuliko maneno yote ya kiongozi. Yule alinitukana usoni, nikamjibu, tukalingana. Huyu alinigawia ndizi na kunitetea, na muda wote huo alikuwa ananiogopa. Nami wakati wote nilikuwa nikiitazama chupa nyingine.

Chungu kilirudishwa motoni. Asistanti alikuja, akasikia, akajikuna shavu, akasema tutengeneze kalibu nyingine upesi kabla makala hayajaisha. Hakucheka safari hii. Nikautupa mchanga uliolowa, nikachukua mwingine nikaufinya, nikainama kushindilia. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Nikasikia tone la baridi shingoni, na jingine. Bati linavuja, nikawaza, nikakisogeza kisanduku pembeni haraka ili mchanga usiguswe.

Tulimimina mimi nikiwa karibu kabisa na moto. Alumini iliingia kimya kama maziwa.

Ilipopoa tukaifunga kwenye mashine. Kisu kikala ganda la kwanza, la pili, la tatu, na kila ganda lilitoka refu, linang'aa, bila tundu hata moja. Kiongozi akapitisha kidole. "Iko muzima," akasema, halafu akamwambia wa nne, "Donc, basi, ilikuwa maji." Wa nne akakubali. Kiongozi hakuniomba msamaha, ila alijiondoa mbele ya mashine ili nimalize mwenyewe, na nikauchukua huo kuwa msamaha. Nilikuwa nimeshinda. Puli ya mama ilikuwa inazunguka mbele yangu na sasa walikuwa wamejua, wote, kwamba chanzo ni mvuke na si mimi.

Kijana wa Sange alisogea wa mwisho. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, machozi ya furaha kweli, na aliinamisha kichwa karibu na sikio langu ili wengine wasisikie.

"Umeona, dada? Mara hii ya mwisho sikutia tena mu mchanga. Nilikutia weye, ku shingo, wakati uliinama. Na imetoka."

Nikashika shingo. Ilikuwa imekauka zamani, ina vumbi la makala tu.